Sentensi Niliyoiruka Mbele ya Daktari

Mshauri mpendwa, shikamoo. Naomba unisaidie, lakini kwanza naomba usinicheke, na kama utaichapa barua hii gazetini tafadhali usitaje shule yangu, maana mimi hata kunyoosha mkono darasani siwezi, nikiulizwa swali jibu ninalo lakini koo linajifunga kama mtu kalitia vifungo, ndiyo sababu nakuandikia wewe ambaye hunioni, kuliko kumwambia mtu atakayenitumbulia macho.

Mama yangu ni fundi wa kushona nguo. Anafanyia kazi chumba cha mbele cha nyumba yetu, kile kinachotazama barabara, ana cherehani mbili na meza ya kukatia ambayo mguu mmoja umewekewa kipande cha kigae isiyumbe, na humo ndani huwezi kuona kitabu cha vipimo hata kimoja, kwa sababu mama yangu haandiki. Anakuzungushia utepe kifuani, kiunoni, anakupima bega, anakupima mkono, anakutazama usoni mara moja, basi, umeshaingia, na ukirudi baada ya miaka miwili atakwambia, "Kiuno kimeongezeka inchi moja na nusu, nikupe hongera au nikupe pole?" na chumba kizima kinaangua kicheko. Mtaani wanamwita Daftari. Hakuna anayemwita jina lake, ni Daftari tu, na akiitwa hivyo alikuwa anageuka taratibu kama mtu anayevishwa taji.

Mwaka juzi Daftari akaanza kuumwa kichwa, akawa anatapika asubuhi, wakampiga picha wakaona uvimbe kwenye ubongo, wakampasua wakautoa, ila si wote, wakasema kilichobaki kitapigwa mionzi, siku thelathini, Jumatatu mpaka Ijumaa. Baba kazi yake ni ya kusafiri, anarudi mwisho wa mwezi, kwa hiyo hospitali nilikuwa naenda na mama mimi, na nilikuwa na miaka kumi na minne. Daktari wa mionzi ni mgeni, hajui Kiswahili hata cha kusalimia, na siku ya kusaini ile fomu ya kukubali matibabu nesi aliyekuwa anatafsiri akaitwa wodi nyingine, akaniambia akiwa tayari ameshika mlango, "Wewe si unasoma Kiingereza shuleni? Haya, msaidie mama yako, ni maneno machache tu."

Mshauri, hayakuwa machache. Daktari alisema mama atachoka, nikatafsiri. Akasema nywele zitatoka upande mmoja, nikatafsiri, mama akasema, "Zitoke, nitavaa kofia, mimi fundi bwana." Halafu daktari akaweka kalamu chini, akanitazama mimi badala ya mama, akasema polepole kwamba mionzi itapita karibu na sehemu ya ubongo inayotunza kumbukumbu, kwamba baada ya miezi au hata miaka mama anaweza kuanza kusahau mambo mapya, na kuwa mzito wa kufikiri, kwamba haiwapati wote lakini anaweza kupata, na kwamba nimwambie hilo kabla hajasaini.

Mama akaniuliza, "Anasemaje? Mbona amekuwa na sura ya msiba?"

Na mimi nikakumbuka asubuhi ile tukiwa njiani mama alikuwa amesema, "Waniguse kichwa wanavyotaka, ila vipimo vya watu wasiniguse, bora nife navyo." Alisema akicheka, lakini mimi namjua mama, anayosema akicheka ndiyo anayomaanisha. Nikajua nikimwambia atainuka, atachukua mkoba wake, tutarudi nyumbani na atakufa. Nikasema, "Anasema usikose hata siku moja."

Mama akasaini. Daktari akaniuliza kama mama ameelewa, nikasema ndiyo. Hiyo ndiyo sauti yangu iliyotoka vizuri kuliko zote maishani mwangu, na ilikuwa ya uongo.

Akamaliza siku thelathini. Walimtengenezea kinyago cha plastiki chenye matundu matundu cha kumshika kichwa kisitikisike kwenye mashine, na alipomaliza akaomba akichukue, akakitundika ukutani chumba cha mbele akakivika kofia, akawa anawaambia wateja, "Huyu ndiye mteja wangu pekee asiyesema nguo imembana." Picha za kichwa zikawa safi. Tukashukuru, baba akanipa mkono kama mtu mzima akasema nimemlea mama yake, kosa la ulimi, alitaka kusema mama yangu, tukacheka mpaka machozi. Mimi nikaamua kwamba ile sentensi imekufa.

Haikufa. Baada ya kama mwaka na miezi mitatu mama akaanza kuuliza jambo mara mbili. Akaweka chaki sikioni akawa anaitafuta mezani. Akapokea kitambaa cha mteja asubuhi, jioni akakiona akaniuliza cha nani. Halafu ikaja nguo ya makamu wa mwalimu mkuu wa shule yetu, mama mnene, nguo ya harusi ya binti yake, na mama akaikata kwa kiuno cha mtu mwingine kabisa, yule mama wa duka la nyuzi ambaye ni mwembamba kama sindano zake. Makamu akaja kujaribu, zipu ikaishia katikati ya mgongo. Chumba kimejaa watu. Akasema kwa sauti, "Daftari, au siku hizi tukuite Kifutio?"

Watu wakacheka, na mama akacheka nao, lakini mimi nilikuwa nakunja vitambaa pale pembeni nikauona mkono wake unapapasa papasa meza kama unatafuta kitu ambacho hakipo. Na jina likashika! Siku mbili tu mtaa mzima ni Kifutio, Kifutio, hata watoto wadogo, watu ambao mama amewashonea sare za shule tangu wanaanza, watu ambao amewafunika tumbo na mabega na kasoro zao zote bila kumwambia mtu. Nina hasira, mshauri, nina hasira mpaka meno yanauma.

Shangazi yangu, dada wa baba, ambaye anakaa kwetu, ndiye mbaya zaidi, maana yeye anasema ndani. "Hamna ugonjwa pale. Mtu alipewa picha kwamba amepona. Huyo amezoea kuhurumiwa." Mama akisahau chumvi anasema, "Leo tena umepigwa mionzi?" Juzi alimwambia mbele yangu, "Wifi, funga hicho chumba, tupangishe, unatutia aibu." Mama akaendelea kukanyaga cherehani. Alikuwa ananishonea sare mpya, sketi na blauzi, na alikuwa hajanipima, akasema mtoto wake mwenyewe ampime wa nini. Alipomaliza nikaivaa. Sketi iko juu ya magoti, blauzi haifungi kifuani. Nikaelewa, ni vipimo vyangu vya darasa la tano. Vile vya zamani anavyo vyote, hajapoteza hata nusu inchi, ila mimi wa sasa hayumo. Niliivaa hivyo hivyo nikaibana na pini nikaenda nayo shule, nikatembea nimekumbatia vitabu siku nzima, kwa sababu alikuwa amesimama mlangoni ananitazama ameridhika.

Wiki hiyo hiyo mwalimu wa biolojia akafundisha mionzi na ubongo, akasema kuna sehemu ndogo inayopokea mambo mapya, ikidhoofika ya zamani yanabaki lakini mapya hayashiki, akasema kama anasoma orodha ya vitu vya dukani, na mimi nikasikia ile sauti ya daktari neno kwa neno. Nikaanza kuandika. Mteja akipimwa mimi nasikiliza mama anavyohesabu, nikiingia ndani naandika kwenye daftari la hesabu, halafu mama akilala mchana napima alivyochora kwa chaki, nikikuta kosa nafuta nachora upya. Nimeokoa nguo nne. Ya tano akanikuta nimepiga magoti mezani na chaki mkononi. Akalichukua lile daftari, akasoma ukurasa mzima, majina na namba, kisha akaichana ile karatasi katikati bila haraka. Akasema, "Na wewe pia umeniona nimekwisha?" Halafu akaenda kukaa chini ya kile kinyago chake akalia, na mimi sijawahi kumwona mama analia, hata siku ya kupasuliwa.

Sasa kilichonifanya niandike ni hiki. Jana natafuta kifungo kwenye kopo la vifungo nikakuta chini kabisa kadi yake ya kliniki imekunjwa mara nne. Tarehe ya kupigwa picha ni Alhamisi ya wiki ya tatu kuanzia leo. Nikamuuliza, akasema, "Rudisha ulipoitoa. Uvimbe umerudi, najua mwenyewe, sitaki kwenda kuambiwa mara ya pili." Kwa hiyo anaamini anakufa, shangazi anaamini anajifanya, mtaa unaamini amechanganyikiwa, na mtu pekee anayejua kwamba kuna sababu nyingine ni mimi, na nikiisema itabidi niseme pia kwamba niliijua tangu mwanzo, na kwamba kumbukumbu yake nimeisaini mimi kwa mkono wake. Nikinyamaza hataenda Alhamisi. Nikisema hatanitazama tena. Nifanye nini?

Mimi, Mkalimani wa Mama

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Sijakucheka. Barua yako niliisoma nimekaa, nikaimaliza nimesimama, kwa hasira, na hasira yenyewe nitaigawa kwa wenyewe kila mtu apate yake, wewe ukiwemo.

Kwanza hospitali. Mashine inayoweza kulenga kitu kidogo kama punje ya dengu ndani ya fuvu la mtu mmeweza kuinunua, mtu mzima mmoja wa kutafsiri mmeshindwa kumpata? Daktari akaona jambo ni zito mpaka akaweka kalamu chini, halafu akalikabidhi kwa mtoto wa miaka kumi na minne mwenye sare ya shule, na anayeambiwa habari ni mama yake mzazi! Na yule nesi aliyesema "ni maneno machache tu" huku ameshika mlango, natamani angebaki ayaseme yeye. Binti, kazi uliyopewa siku ile haikuwa yako. Usingeiweza, na mimi ningekuwa wewe nisingeiweza. Mtoto aliyeambiwa achague mama mwenye kumbukumbu au mama aliye hai amechagua mama aliye hai. Sitakuhukumu kwa hilo, na atakayekuhukumu mlete kwangu.

Shangazi naye. Dada, najua gazeti hili linafika hapo nyumbani. Picha safi maana yake uvimbe haukuonekana siku ile, haina maana kwamba kichwa hakikupitia moto. Siku thelathini wifi yako amefungwa uso kwenye plastiki hajakosa hata moja, leo unamwambia amezoea kuhurumiwa? Na nani aliyemhurumia humo ndani, wewe? Chumba hakipangishwi. Kama aibu imekuzidi, nenda kasimame mlangoni, na yeyote atakayesema Kifutio mrudishie kwa ulimi huo huo unaotumia jikoni, maana naona makali unayo.

Makamu wa mwalimu mkuu sitasema naye mengi. Mtu mwenye kazi ya kufundisha watoto adabu na anampa jina mgonjwa mbele ya wateja, ajisomee barua hii darasani, kwa sauti.

Sasa wewe. Unajilaumu kwa sentensi ya hospitalini, na mimi nimeshaiweka pembeni. Nakugombeza kwa daftari. Mama yako hakulia kwa sababu vipimo vimeandikwa. Alilia kwa sababu viliandikwa nyuma yake, na mtu anayempenda. Hospitalini uliamua peke yako nini asikie, mezani ukaamua peke yako nini asione. Mara mbili umembeba mtu mzima kama kikapu, bila kumuuliza anataka kwenda wapi. Ulikuwa na huruma, nakubali, lakini huruma inayofichwa fichwa humfanya mtu ajione ameshazikwa. Acha. Hata ile sketi, acha kuivaa kwa pini za kuficha. Unadhani unamtunzia heshima, kumbe unamnyima habari.

Nimemuuliza daktari mmoja ninayemwamini, bila kutaja mtu. Anasema ndiyo, mionzi ya kichwani inaweza kumpata mtu hivyo hivyo unavyoeleza, na haina maana uvimbe umerudi. Lakini akaongeza jambo ambalo nataka ulisome mara mbili: wewe huwezi kujua, mimi siwezi kujua, na mama yako aliyejipa jibu na kulikunja mara nne kwenye kopo la vifungo hawezi kujua. Huenda ni mionzi, huenda ni dawa anazotumia, huenda ni uvimbe kweli, na kila moja lina matibabu yake au angalau lina namna ya kuishi nalo. Picha ndiyo itakayosema. Kwa hiyo Alhamisi anakwenda, hilo halina mjadala, na baba yako apigiwe simu leo aombe ruhusa kazini. Kazi ya kusafiri si sababu ya mtoto kuwa mume.

Mkifika, daktari akianza kuongea, mwambie sentensi moja kwa Kiingereza chako hicho kizuri: "Mimi ni binti yake, tafadhali tafuta mkalimani." Najua koo litajifunga. Iandike kwenye karatasi umpe aisome, karatasi haina haya. Wakisema hakuna mtu, kaeni pale pale mpaka apatikane. Wewe siku hiyo kazi yako ni kushika mkoba wa mama, basi.

Lakini mama hataenda Alhamisi kama hujasema, na kusema ndiko kunakokutisha. Hatanitazama tena, unaandika. Mwanangu, huyo ni mwanamke aliyebakiza vipimo vyako vya darasa la tano wakati anachanganya vya mtaa mzima. Atakasirika, ndiyo, ana haki, mwache akasirike mpaka amalize. Huenda atanyamaza siku mbili. Kaa humo humo ndani usikimbilie kwa rafiki.

Fanya hivi, kabla gazeti hili halijamfikia mama yako. Nunua daftari jipya, gumu, la jalada zuri, siyo la hesabu za shule. Chagua saa ambayo hakuna wateja na shangazi ametoka. Vaa ile sare, toa pini zote, simama mbele yake aone. Mwambie, "Mama, hainitoshi, nipime upya." Atakaponyanyua utepe mgeuzie mgongo, aanze na mabega, na hapo akiwa nyuma yako, ambapo wewe mwenye haya hulazimiki kumtazama machoni wala yeye kukutazama, itoe ile sentensi ya daktari. Yote, kwa Kiswahili cha nyumbani kwenu, mionzi na kumbukumbu na miezi na miaka, usipunguze neno. Kisha mwambie nani aliyeiruka na kwa nini. Utepe utasimama. Usigeuke, usikimbie, usimalizie kwa utani. Subiri mikono yake ianze tena kufanya kazi, hata ikichukua muda mrefu.

Ikianza, mpe kalamu. Namba za kwanza kwenye daftari hilo ziwe zako, na aziandike yeye.